Kona ya Viti: Tahera Bila Breki

Wiki nzima tumemwacha Tahera binti Noordin kwenye mteremko, mguu umefika sakafuni na gari halishiki. Tusimcheleweshe zaidi. Kona haingoji mtu.

Alikanyaga tena. Hakuna kitu! Pedali ilizama kama imetiwa kwenye uji.

"Dada Tahera, mbona hupunguzi?" Ilikuwa sauti ya fundi wake, Zephania, ndani ya redio ya kofia.

"Sina breki!"

"Unasema?"

"Breki hakuna, Zephania! Hakuna!"

Mbele yake ilikuwa Kona ya Viti. Juu ya kona hiyo zimepita nyaya, na kwenye nyaya vinaning'inia viti vya kupandisha watu mlimani wakati wa theluji. Ilikuwa Agosti, viti vimelala. Chini ya viti, ukuta wa zege.

Tahera akatupa gia ya tatu. Injini ya ile Peugeot kuukuu ikalia kama mbuzi wa Idi. Akatupa ya pili. Gari likayumba, likatikisa kichwa, lakini mteremko ulikuwa unalisukuma mgongoni.

Kwenye redio ikasikika purukushani, kama watu wananyang'anyana. Kisha ikaja sauti ya baba yake, mzee Noordin.

"Panda mlimani! Tahera! Mlimani, kushoto!"

Mlimani? Wapi? Kushoto kulikuwa na ukuta tu!

Hapo sasa, msomaji, shika roho yako kidogo, maana usipoijua barabara hii hutaelewa mzee alisema nini.

Miaka ya sitini, mkulima wa viazi aliyeitwa Doyle alikuwa na shamba chini ya mlima wa Kestrel, mwendo wa saa mbili kaskazini ya Toronto. Jirani yake ndiye mwenye mlima, na watu walimlipa ili wateleze kwenye theluji. Theluji ikiyeyuka, jirani anapiga miayo. Doyle naye alikuwa na wana watatu, wote wagonjwa wa magari. Wakapatana: baridi yako, joto langu. Barabara ya mashindano ikazungushwa shambani, ikapita chini ya viti vya mlima, ikarudi ilikotoka. Ndiyo sakiti ya Kestrel.

Siku zile ukuta haukuwepo. Dereva akiishiwa breki kwenye ile kona, anakata usukani kushoto, anapanda mlima kwenye majani mpaka gari linachoka lenyewe. Noordin alipofika kutoka Tanga mwaka wa sabini na tatu alipanda hivyo mara mbili. Wazungu walimcheka, mtu wa tope la Safari Rally anatafuta nini huku? Siku mvua iliponyesha wakati wa mashindano, kicheko kikahama.

Kisha mlima ukanunuliwa na kampuni. Zikajengwa nyumba za mapumziko, na wenye nyumba walitaka usingizi. Ukajengwa ukuta. Mwaka uliofuata, Iqbal, mdogo wake Noordin, akafia pale pale ukutani. Tangu hapo sakiti imeshitakiwa, imefungwa, imefunguliwa, imefungwa tena. Marlene, mjukuu wa yule Doyle, ndiye aliyeifungua mara ya mwisho, mwaka 2008, na halmashauri ikampa sharti moja: ajali moja mbaya tu, basi, kufuli.

Lakini kampuni ya mlima nayo hukata majani yake. Na trekta la kukata majani lazima lipite mahali.

Tahera akaliona. Katikati ya ukuta, lango la mbao, limechakaa, upana wa trekta!

Akakata usukani kushoto. Tairi zikapiga yowe. Mbao zikaruka juu, kioo kikapasuka, na Peugeot ikatoka upande wa pili ikipanda majani, ikapunguza, ikapunguza, ikasimama chini ya viti.

"Alhamdulillahi," alisema Tahera.

Gari likaanza kurudi nyuma.

Haya sasa! Breki hana, nyuma yake kuna mteremko, na chini ya mteremko kuna magari mengine yanakuja kwa kasi! Tahera akazungusha usukani mpaka mwisho, gari likakaa ubavu, likaegemea, tairi mbili zikaonja hewa. Kisha likatulia. Alitoka kupitia dirishani, akakaa kwenye majani, akacheka hadi machozi.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Zephania. Wa pili, mzee Noordin, kanzu ameikusanya mkononi, anahema.

"Uko mzima? Mikono? Miguu? Nihesabie vidole!"

"Mzima, Baba. Uliniona?"

"Nione nini na macho haya? Nilikusikia!" Akamkumbatia, akalia waziwazi mbele ya watu.

Mkaguzi wa mashindano hakulia. Alilala chini ya gari, akatoka na paipu nyembamba ya chuma iliyolowa mafuta.

"Hii inapeleka nguvu ya breki nyuma," alisema. "Nati yake imelegea. Kila ukikanyaga, inavuja kidogo. Nani aliikaza mara ya mwisho?"

"Mimi," alisema Zephania. "Alhamisi. Na niliikaza."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa gari lilikuwa limefungiwa gerejini kwangu, Rexdale, mjini Toronto. Mchana nilitoka kutafuta vipuri."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

Watu watatu walikuwa nao. Zephania, Tahera, na Mohamedraza, mtoto wa shangazi yake Tahera. Huyu Mohamedraza mnamjua, mguu mmoja huku, mmoja kule. Anawashughulikia vibali vya mashindano, na papo hapo ni dalali wa zile nyumba za mlimani. Nusu ya jamaa zake wa Richmond Hill, pembeni ya Toronto, wamenunua kwake, amewaahidi utulivu.

"Ijumaa mimi nilikuwa hapa hapa Kestrel," alisema Mohamedraza, akifuta miwani. "Tangu alfajiri. Nilishughulikia vibali, nikarudi nyumbani jioni, tukafuturu. Muulizeni mama yangu."

Marlene Doyle akamvuta Tahera pembeni. Ni mama wa makamo, mikono ya kazi, hana maneno ya kupamba.

"Nisikilize. Kama ni uzembe wa fundi, halmashauri itaandika kosa la mtu, barabara yangu itabaki. Kama si fundi, watasema ni kona. Watafunga. Kesho mkaguzi anakuja gerejini Rexdale kufunga kesi, na polisi atakuwepo. Neno lako ndilo litakaloamua."

"Unataka niseme ni Zephania?"

"Nataka useme unachokijua. Unajua mwingine?"

Tahera akageuka. Zephania alikuwa anaokota mbao zilizovunjika, anazipanga vizuri, kana kwamba lango ni lake. Makaratasi yake ya ukaazi hayajatoka mpaka leo. Kesi ya polisi ikimwangukia, atarudi Mbeya bila hata kuaga.

Sakiti ya baba yake, au fundi wake. Achague!

Jioni ile nyumba ya Richmond Hill ilijaa. Ramadhani ilikuwa katikati, na habari ya Tahera kupanda mlima kwa gari ilikuwa imewatangulia. Shangazi Ruqayyah, mama yake Mohamedraza, alizunguka na sahani, anatoa sambusa kwa mkono mmoja na maneno kwa mwingine.

"Kuleni! Huyu binti ametoka kaburini, mnamtazama kama televisheni. Tahera, kachori. Kaka Noordin, chai isiyo na sukari hii. Na wewe Mohamedraza, una nini?"

"Sina kitu, mama."

"Jana nilikuwekea sahani ya tende ukaimaliza kabla hatujakaa vizuri. Midomo ilikuwa imekukauka kama chaki. Leo unaitafuna sambusa moja kama bwana harusi!"

"Jana nilikuwa na kiu. Leo nimekula Barrie, njiani. Si tumesafiri? Msafiri hana saumu."

"Nani kakuuliza? Mwalimu wa madrasa huyu, hata sambusa ina fatwa!"

Wakacheka wote. Tahera naye alianza kucheka, akaacha katikati.

Msafiri hana saumu.

Na kweli, kwa madhehebu yao hana. Si jambo la hiari. Ukitoka mjini asubuhi kwenda mbali kama Kestrel, saumu yako haipo, unakula, utailipa siku nyingine. Ukijilazimisha kufunga, umejishindisha njaa bure. Na nani asiyejua kwamba Mohamedraza ndiye anayewafundisha watoto jambo hilo hilo kila Jumapili?

"Raza," alisema Tahera, taratibu. "Njoo jikoni unisaidie kubeba faluda."

Mlango wa jikoni ulipofungwa tu, akamgeukia.

"Jana ulifunga?"

"Nilifunga. Mama si amekwambia?"

"Mpaka magharibi?"

"Mpaka magharibi. Una nini wewe, umegonga kichwa?"

"Na jana tangu alfajiri ulikuwa Kestrel."

"Nimeshasema mbele ya watu."

"Basi mwalimu, nifundishe na mimi. Mtu anafunga vipi akiwa Kestrel?"

Mohamedraza akanyanyua sinia la faluda, akageukia mlango.

"Ulikuwa Rexdale," alisema Tahera.

"Rexdale si safari," alinong'ona, na hapo akajua amekwisha.

Tahera alichukua sinia kutoka mikononi mwake, akaliweka mezani, maana alitaka mikono yake iwe mitupu. "Umelegeza breki zangu. Kwa ajili ya vinyumba vyako! Ulitaka nifie ukutani kama Ami Iqbal, wateja wako walale vizuri?"

"Sikugusa breki! Wallahi sikugusa kitu. Nilifungua mlango tu."

"Ulimfungulia nani?"

Sebuleni mtu alikuwa amechekesha, na juu ya vicheko vyote kilisikika kimoja, kizito, cha kukohoa. Mohamedraza akageuza shingo kuelekea kile kicheko.

"Hapana," alisema Tahera.

"Alikuja kwangu Alhamisi analia, Tahera. Mjomba Noordin, analia! Akasema ile kona imekula mdogo wangu, haitakula mtoto wangu. Nimemkataza hasikii, ana kichwa changu. Akaniambia, nifungulie tu, nilegeze paipu ya petroli, gari lisiwake, mashindano yapite."

"Paipu ya petroli."

"Gari lisiwake, basi! Na mimi nikaona vizuri, usishindane, kila mtu apumzike. Nikamwambia nikushikie tochi? Akanifukuza. Akasema magari haya nimeyafungua porini Singida kwa kupapasa, leo mtoto wa dada yangu anishikie tochi?"

"Raza, Baba ana mtoto wa jicho! Anangoja kupasuliwa!"

"Mimi nitajuaje? Paipu mbili zinakwenda sambamba huko chini, zote za chuma, zote nyembamba."

Tahera akakaa kwenye kiti cha jikoni. "Leo asubuhi gari lilipowaka?"

"Alishtuka. Halafu akadhani Zephania ameigundua, ameikaza. Alinikonyeza kabisa. Akasema, kijana yule ni fundi kweli kweli."

"Na baada ya ajali?"

"Anadhani Zephania alisahau breki. Tangu mchana anamwonea huruma." Akamshika Tahera mkono. "Akiujua ukweli hataumaliza mwezi huu. Wewe unajua hivyo. Mwache fundi abebe."

"Na nyumba zako zipande bei."

"Hapana, fundi akibeba, sakiti inabaki, mimi ndiye ninayekula hasara! Unaona? Sikudanganya kwa ajili ya nyumba. Nilidanganya kwa ajili yake."

Mlango ukafunguka, Shangazi Ruqayyah akaingiza kichwa. "Faluda inatengenezwa Zanzibar? Watu wanangoja!"

Kwa hiyo Tahera alikuwa na majina mawili mchana, usiku akawa na matatu. Fundi, barabara, baba. Aliyazungusha kichwani akila daku, aliyazungusha akiendesha kwenda Rexdale, na kila alipoliweka moja chini lingine lilimrukia.

Nyuma yake, kwenye gari la Shangazi, alikuja mzee Noordin. Alikatazwa, akavaa viatu.

"Yule kijana nilimfundisha mwenyewe kushika spana," alisema. "Alilala sebuleni kwangu msimu wake wa kwanza wa baridi. Leo anaulizwa na polisi, mimi nikae nyumbani nisome gazeti?"

"Basi kaa ndani ya gari la Shangazi, Baba. Niachie mimi dakika chache."

Gereji ya Zephania iko nyuma ya maghala, karibu na barabara ya Kipling, ndege zinapita juu kila mara. Alikuwa ameifagia. Amevaa shati la kanisani.

"Zephania, nisikilize kabla hawajafika. Najua si wewe."

"Hata mimi najua si mimi, dada."

"Namjua aliyefanya."

Zephania akainama, akaokota kitambaa, akakikunja. "Hata mimi."

"Wewe umejuaje?"

"Ijumaa niliporudi na vipuri nilikuta spana moja imeoshwa kwa mafuta ya taa na kufutwa, imetundikwa. Dada, Toronto nzima nani anamwoshea mtu spana yake, kama si Mzee? Niliangalia gari lote juu juu, nikasema labda alikuja tu kulisalimia gari lake la zamani. Sikulala chini. Ningelala chini ningeona." Akatikisa kichwa. "Hilo ndilo kosa langu."

"Hilo si kosa!"

"Linatosha."

"Linatosha nini? Zephania, usinifanyie hivyo. Zephania!"

Lakini gari la polisi lilikuwa limekwishasimama mlangoni. Akaingia Marlene Doyle, akaingia mkaguzi, paipu iko ndani ya mfuko wa nailoni, akaingia askari wa kike mwenye uso wa kuchoka. Nyuma yao akajipenyeza Mohamedraza, akasimama karibu na mlango, tayari kwa lolote.

"Binti Noordin," alisema mkaguzi. "Tuanze na wewe. Unajua nani aliyelegeza nati hii?"

Tahera akavuta pumzi. Alikuwa ameamua, jamani! Naapa alikuwa ameamua, neno lilikuwa limefika kwenye ulimi.

"Mimi," alisema Zephania.

Alisema kwa Kiingereza chake cha Mbeya, neno moja moja, wote wasikie. "Nilifungua nati Ijumaa. Nikasahau kukaza. Barabara haina kosa. Kona haina kosa. Andikeni."

Marlene Doyle akafumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo. Askari akamshika Zephania mkono, bila nguvu.

"Hapana!" alisema Tahera. "Anadanganya!"

"Dada Tahera amegonga kichwa jana," alisema Zephania kwa upole. "Msamehe."

"Niambieni, kuna nini humu?"

Mzee Noordin alikuwa amechoka kungoja. Alisimama mlangoni na fimbo yake, anakodoa macho, anatafuta nani ni nani kwa vivuli.

"Mbona wamemshika? Zephania, mwanangu, si kosa la kufungwa hilo. Mtu husahau. Tahera, waambie kwa Kiingereza kizuri."

Mohamedraza alitazama viatu vyake.

Mkaguzi ndiye aliyesogea. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa mtoto.

"Bwana Noordin? Noordin wa siku ya mvua? Nilikuwa nimekaa mabegani mwa baba yangu siku ile!" Akaupokea mkono wa mzee kwa mikono miwili. "Ni heshima, bwana. Wewe unayajua magari haya kuliko mimi. Hebu nipe maoni yako."

Akafungua mfuko wa nailoni.

"Usimpe!" Tahera aliruka, akajikwaa kwenye jeki, akapiga goti chini. "Baba, usishike! Baba!"

Paipu ilikuwa imekwisha kutua kiganjani. Noordin hakuitazama, angeitazama kwa macho gani? Vidole ndivyo vilivyotambaa juu yake, pole pole, vikafuata mpindo wa kwanza, vikafuata wa pili, vikafika kwenye nati, vikaizunguka.

Vikasimama.

"Mohamedraza," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mbona hii si ya petroli?"